Ua la siku saba, rangi ya miaka kumi

Mwaka 1591 nchini Japani alifariki mtoto ambaye hata miaka mitatu hakuwa ametimiza. Jina lake lilikuwa Tsurumatsu. Baba yake, Toyotomi Hideyoshi, alizaliwa katika familia ya watu wa chini, akapanda daraja za jeshi moja baada ya nyingine mpaka nchi nzima ikawa mkononi mwake. Mtoto wa kumrithi alimpata uzeeni. Kifo kilipomchukua mtoto huyo, Hideyoshi alikata kishungi chake cha nywele, jambo zito mno kwa mpiganaji wa Kijapani wa zama zile, kisha akaamuru lijengwe hekalu jijini Kyoto la kumwombea marehemu. Hekalu hilo likaitwa Shoun-ji.

Kazi ya kupamba vyumba vyake alipewa mchoraji Hasegawa Tohaku, aliyezaliwa mwaka 1539 Nanao, mji wa pwani mbali na Kyoto, na kulelewa na familia ya watia rangi vitambaa. Kwa miaka mingi kazi kubwa za ikulu na ngome zilikuwa za ukoo mmoja wa wachoraji, ukoo wa Kano, na mtu wa kuja kama Tohaku alikuwa akisukumwa pembeni. Mkuu wa ukoo huo, Kano Eitoku, alifariki mwaka 1590, na mlango ukafunguka. Tohaku akaingia na karakana yake yote, akiwemo mwanawe Kyuzo, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Baba alichora mti wa mwepo wenye majani mekundu ya vuli. Mwana akachora mcheri uliochanua, mti ambao Wajapani wanauita sakura. Picha zote mbili zipo hadi leo, zimetangazwa kuwa Hazina za Taifa, na zinatunzwa katika hekalu la Chishaku-in lililorithi eneo la Shoun-ji. Nimeandika makala haya kwa sababu ya mcheri ule wa Kyuzo. Michoro ya maua ya sakura ni maelfu kwa maelfu, lakini kwangu mimi huu ndio unaoeleza kuliko yote kwa nini taifa zima lilihangaika karne nyingi kuchora ua ambalo halimalizi wiki mbili mtini.

Ukiutazama mchoro huo kwa mbali, unachoona kwanza ni dhahabu. Karatasi imefunikwa kwa majani membamba ya dhahabu halisi, na juu yake limepita shina nene la mcheri, likitupa matawi kulia na kushoto. Maua ni meupe. Yamejaa kila mahali, makubwa kuliko ya mti wa kweli, tabaka juu ya tabaka. Sogea karibu sasa, uutazame kwa ubavu. Kila ua limetuna. Rangi imewekwa nzito hadi ua likainuka juu ya karatasi, na ukingo wa kila petali unaweka kivuli chake wenyewe. Mwanga wa mshumaa ukipita mbele ya picha, vivuli hivyo husogea. Wakati huo hakukuwa na taa za umeme, kwa hiyo waliokuja kumwombea mtoto waliyaona maua yakitikisika ukutani.

Weupe ule umetokana na chaza.

Wajapani huita rangi hiyo gofun. Magamba ya chaza hulundikwa nje, kwenye jua na mvua na baridi, na kuachwa hapo miaka kumi au zaidi. Muda huo wote uchafu wa kiumbe aliyeishi ndani yake huliwa na hali ya hewa, gamba likalegea mpaka linameguka kwa vidole. Ndipo husagwa kwa mawe pamoja na maji, likachujwa, likaanikwa juani juu ya mbao. Kinachobaki ni unga mweupe mororo. Mji wa Uji, karibu na Kyoto, bado unautengeneza kwa njia hiyo.

Unga huo peke yake haushiki kwenye karatasi. Mchoraji huuponda katika kinu kidogo cha kauri, akatia gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama iliyopashwa moto, tone kwa tone, akikanda kama mtu anayekanda unga wa maandazi. Akimaliza anaviringa donge, analiinua na kulipiga kwenye sahani. Analiinua tena, analipiga tena. Wanafunzi hufundishwa wapige mara mia, ili gundi iingie kila chembe na hewa itoke. Kisha donge hunyooshwa, likalowekwa maji ya uvuguvugu, likasuguliwa kwa kidole mpaka liyeyuke. Akikosea kipimo cha gundi, rangi itapasuka ikikauka au itabanduka baada ya miaka. Na hata akipatia, weupe wenyewe hauonekani papo hapo. Gofun ikiwa mbichi huonekana hafifu, karibu kama maji. Inapokauka ndipo ua linapojitokeza. Mchoraji anaweka petali ambayo hajaiona bado.

Kwa hiyo hesabu ni hii: chaza analala mvuani miaka kumi ili lichorwe ua la siku saba. Sijaona mahali pengine ambapo watu waliupima muda kwa namna hiyo.

Kyuzo hakuishi kuyaona maua yake yakizeeka. Alifariki mwaka 1593, mwaka uleule hekalu lilipokamilika, akiwa na miaka 25 kwa hesabu yetu, 26 kwa hesabu ya Kijapani. Baba yake alikuwa na miaka 54. Chumba kilichopambwa kwa ajili ya mtoto wa mtawala kikawa pia kumbukumbu ya mtoto wa mchoraji, na picha ya baba ikabaki karibu na picha ya mwana. Baadaye Tohaku alichora misonobari katika ukungu, kwa wino mtupu bila dhahabu wala rangi, kwenye viwambo viwili vya kukunja ambavyo leo viko katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Tokyo. Wengi wanaamini kwamba ile ndiyo sauti ya baba aliyefiwa. Hakuna waraka unaothibitisha hilo, lakini anayezitazama kazi hizi tatu kwa mfuatano hapati shida kuwaelewa wanaoamini hivyo.

Mcheri wenyewe ulipata mikasa yake. Moto ulizuka mwaka 1682 na jengo likaungua. Picha ziliokolewa, kisha zikakatwa zitoshe katika jengo dogo lililofuata. Moto mwingine wa mwaka 1947 uliteketeza baadhi ya michoro ya kundi hilohilo. Kule kukatwa ndiko kunakofanya matawi ya Kyuzo yaishie ghafla ukingoni, kana kwamba mtu amefunga dirisha kabla hujamaliza kutazama. Hapa na pale gofun imebanduka. Anayejua kisa chake haoni kasoro hapo.

Turudi nyuma kidogo, maana sakura haikuwa malkia wa maua ya Japani tangu mwanzo. Zamani za kale, wasomi wa Kijapani walipokuwa wakiiga China katika maandishi, mavazi na ujenzi, ua la heshima lilikuwa la mplamu, mti uliotoka China. Katika diwani ya kale ya mashairi iitwayo Man'yoshu, iliyokusanywa karne ya 8, mplamu unatajwa katika mashairi mengi kuliko mcheri, takribani mara tatu. Mbele ya ukumbi mkuu wa ikulu ya Kyoto ulipandwa mplamu. Katika karne ya 9 mplamu huo ulitoweka na mahali pake ukapandwa mcheri, na mpaka leo mbele ya ukumbi ule unasimama mcheri. Mwaka 812 Kaizari Saga alifanya karamu ya kutazama maua katika bustani ya Shinsen-en, na desturi hiyo haikukoma tena. Diwani ya Kokinshu ilipokusanywa mwanzoni mwa karne ya 10, mshairi alipotaja "ua" bila kulipa jina, wasomaji walijua ni sakura.

Wachoraji, hata hivyo, hawakwenda kwa kasi ya washairi. Vitabu vya mafunzo ya uchoraji vilitoka China, navyo vilieleza kwa kina jinsi ya kuchora mplamu, mwanzi, okidi na krisanthemumu. Mcheri haukuwemo. Mwanafunzi alijua brashi inakwendaje kwenye tawi la mplamu kabla hajafundishwa lolote kuhusu mti uliokua nyuma ya nyumba yao.

Msomaji atakayekutana na michoro hii atauliza: nitajuaje huu ni mcheri na ule ni mplamu? Tazama ncha ya petali. Petali ya mcheri ina pengo dogo kwenye ncha, kama imekatwa kidogo kwa mkasi. Ya mplamu ni ya duara kamili. Tazama pia kikonyo. Ua la mplamu limekaa tawini moja kwa moja, limebana. Maua ya mcheri yananing'inia kwa vikonyo virefu, mafungu mafungu, ndiyo maana upepo ukipita yanacheza. Picha maarufu ya mchoraji Hiroshige ambayo Vincent van Gogh aliinakili mwaka 1887 mara nyingi huitwa ya sakura. Ni ya bustani ya mplamu ya Kameido. Na lile tawi la maua meupe kwenye anga la buluu alilolichora van Gogh mwaka 1890 kwa ajili ya mtoto wa ndugu yake ni la mlozi.

Jambo jingine la kutazama ni majani. Katika picha nyingi za kale utaona majani machanga yenye wekundu wa kahawia yamechomoza pamoja na maua. Huo ni mcheri wa milimani, yamazakura, ambao hutoa vyote kwa pamoja. Micheri inayojaza bustani za Japani leo, ile inayokuwa wingu tupu la maua bila jani hata moja, ni aina ya Somei-yoshino, iliyosambazwa kuanzia karne ya 19 kwa kupandikiza vitawi vyake. Miti hiyo yote ni nakala ya mti mmoja, na ndiyo maana iliyo mahali pamoja huchanua karibu siku moja na kupukutika pamoja. Kyuzo na Tohaku hawakuiona kamwe. Anayedhani kwamba picha za kale zinaonyesha bustani za leo anakosa nusu ya utamu wake: katika mcheri wa milimani hakuna mti unaofanana na jirani yake, na mchoraji alilazimika kuutazama kila mmoja upya.

Mtu aliyelichukulia suala hili kwa uzito kuliko wote alizaliwa mwaka 1730. Mikuma Katen alikuwa mchoraji wa Kyoto, na alifikia uamuzi kwamba mchoraji wa Japani anawiwa na mti wa nchi yake. Akaifanya sakura kuwa mada yake kuu. Alizunguka akitafuta miti, akaichora aina kwa aina, jani kwa jani, hadi alipofariki mwaka 1794. Waliomfuata katika njia hiyo hawakufika hata kumi, na wawili kati yao walikuwa wanawake: dada yake Mikuma Roko, na Oda Shitsushitsu aliyefariki mwaka 1832. Huyu Shitsushitsu mashina yake yamejipinda, yana makovu, yanaonekana mazee kweli, na kwenye mashina hayo anaweka maua mepesi yanayokaribia kuruka. Majina yao hayasikiki sana nje ya Japani. Ni hasara yetu, kwa sababu waliutazama mti huu kama mkunga anavyomtazama mtoto.

Mwaka huohuo wa 1730 alizaliwa pia msomi Motoori Norinaga wa Matsusaka, aliyetumia maisha yake kufafanua ule uchungu mtamu wa moyo mbele ya vitu vipitavyo. Hakuwa mchoraji kwa kazi, lakini alijichora mwenyewe akiwa na miaka 44 kwa hesabu ya Kijapani, na pembeni yake akachora chombo chenye tawi la mcheri wa milimani. Katika wasia wake aliagiza mti wa aina hiyo upandwe kaburini pake, na ili asieleweke vibaya, akauchorea wasia huo picha ya kaburi na mti wake.

Mjini Edo, ambao sasa ni Tokyo, sakura ilikuwa imekwisha kushuka kutoka makasri na mahekalu hadi mtaani. Karne ya 18 watawala walipanda micheri kwenye kingo za mto na vilimani ili watu wa kawaida wapate pa kupumzikia, na wachoraji wa picha za chapa wakaifuata. Hizi zilichapwa kwa mbao zilizochongwa, ubao mmoja kwa kila rangi, zikauzwa kwa bei ambayo fundi seremala aliimudu. Weupe wa ua katika picha hizo mara nyingi ni karatasi yenyewe: mchongaji aliacha mahali pale pasiguswe na rangi. Wakati mwingine karatasi ilikandamizwa kwenye ubao usio na wino, petali ikatuna kidogo, unaihisi kwa kidole zaidi ya kuiona kwa jicho. Na rangi ya waridi ya maua ilitolewa kwenye ua la alizeti-dume, rangi ya mimea isiyostahimili mwanga. Kwa hiyo picha nyingi za sakura za zama zile zimepauka. Ua lilipukutika, na picha yake nayo ikafifia taratibu, ingawa kwa miaka mia mbili badala ya siku saba.

Hokusai alichora watu wakila na kunywa chini ya micheri ya kilima cha Goten-yama huku mlima Fuji ukichungulia kwa mbali. Hiroshige, katika mfululizo wake wa mandhari mashuhuri za Edo alioanza mwaka 1856, aliweka tawi la mcheri wa petali nyingi mbele kabisa ya jicho, kubwa kama liko mkononi mwako, na nyuma yake mto Sumida na mashua zake ndogondogo. Utamaro akachora Yoshiwara, mtaa wa makahaba wa Edo, katika mchoro mkubwa wa rangi kwenye karatasi ambao sasa uko Hartford, Marekani. Katika picha hiyo micheri imejipanga katikati ya barabara na wanawake wamejaa ghorofani kwa mavazi ya fahari. Hapa kuna jambo ambalo mchoro hausemi na msomaji anapaswa kulijua. Miti ile haikuota pale. Kila msimu ililetwa ikiwa mikubwa, ikapandwa barabarani ili kuvuta wateja, na maua yalipoisha iling'olewa ikaondolewa. Wanawake waliokuwa nyuma ya vizuizi vya madirisha, wengi wao wakiwa wameuzwa na wazazi wao tangu utotoni, hawakuwa na ruhusa ya kutoka kwenda kuona maua kilimani. Ninapoitazama picha ile, uzuri wake haunipi raha.

Wala huo haukuwa mzigo wa mwisho uliotwikwa ua hili. Katika vita vya karne ya 20 serikali ya kijeshi iliwafundisha vijana kwamba kufa kwa ajili ya kaizari ni kupukutika kama sakura. Ndege ya roketi iliyotengenezwa ili rubani ajilipue nayo juu ya meli ya adui iliitwa Ohka, yaani ua la cheri. Wapo wachoraji waliokubali kuitumikia fikra hiyo kwa brashi zao. Mimi nasema ilikuwa wizi: Kyuzo alichora maua kwa ajili ya mtoto aliyeliliwa, na watu walewale wa nchi yake wakaja kulitumia ua hilo kuwaambia wazazi wasilie.

Baada ya vita uchoraji wa mapokeo ulikuwa na kazi ya kulirudisha ua nyumbani, na aliyelirudisha vizuri zaidi, kwa maoni yangu, alikuwa mzee mpole aitwaye Okumura Togyu. Alizaliwa mwaka 1889 na kufariki mwaka 1990, akiwa amevuka miaka mia moja. Kisa chake kinatupeleka tena kwa Hideyoshi.

Masika ya mwaka 1598 Hideyoshi, ambaye sasa alikuwa na mtoto mwingine wa kiume, alifanya karamu ya mwisho ya maisha yake. Aliagiza micheri 700 ihamishiwe katika hekalu la Daigo-ji, kusini-mashariki mwa Kyoto, akaalika wageni wapatao 1,300, karibu wote wanawake, na inasimuliwa kwamba kila mmoja alibadili mavazi mara mbili siku hiyo. Sherehe hiyo ilichorwa kwenye kiwambo cha kukunja, na ndani yake mzee anaonekana akitembea chini ya maua. Miezi mitano baadaye alifariki.

Zaidi ya miaka 360 ikapita. Mwaka 1963 Togyu alikuwa akirejea kutoka kumbukumbu ya mwaka wa saba ya mwalimu wake, Kobayashi Kokei, akapitia Daigo-ji. Akasimama mbele ya mcheri wenye matawi yanayoinamia chini, ulioegemea ukuta mweupe, matawi yake yameshikiliwa kwa nguzo za mbao kwa sababu ya uzee. Akaona ipo siku atauchora. Hakuuchora mwaka ule wala uliofuata. Alirudi Daigo miaka tisa baadaye, mwaka 1972, akiwa na miaka 83, akakaa na mti, akauchora.

Namna alivyofanya kazi ni kinyume kabisa cha Kyuzo. Kijana wa karne ya 16 aliinua gofun ikawa nundu. Mzee wa karne ya 20 aliiyeyusha gofun ileile ikawa kama maji ya mchele, akapaka, akasubiri ikauke, akapaka tena, tabaka mia moja na zaidi. Matokeo yake ni weupe wenye joto, usio na ukingo, unaoonekana kutoka ndani ya karatasi. Shina liko katikati, zito, limekunjamana kama mkono wa bibi. Nguzo za kuegemeza matawi hakuzificha. Mchoraji mwingine angeziondoa ili mti upendeze. Togyu aliziacha zisimame, kwa kuwa mti ule ulikuwa umefika umri wa kushikwa mkono, naye pia. Picha inaitwa Daigo, na inamilikiwa na Jumba la Sanaa la Yamatane, Tokyo.

Mti wenyewe ungali hai. Mwaka 2000 watafiti wa kampuni ya misitu ya Sumitomo walifanikiwa kuotesha miche yake maabarani kutokana na chembe za tishu, na mmoja wa miche hiyo umepandwa palepale hekaluni. Wanauita kwa jina la cheo cha Hideyoshi, mcheri wa Taiko.

Kwa msomaji mwenye safari ya Japani, neno moja la manufaa. Kumbukumbu za siku ya kilele cha maua jijini Kyoto zimekusanywa kutoka shajara za makaizari, watawa na wakuu, zikarudi nyuma hadi mwaka 812. Mwaka 2021 kilele kilifika tarehe 26 Machi, mapema kuliko mwaka wowote uliokuwa umeandikwa hadi wakati huo katika muda wa zaidi ya miaka 1,200, kwa sababu ya joto linaloongezeka duniani na mjini. Ukipanga kufika katikati ya Aprili kama vitabu vya zamani vinavyoshauri, huenda ukakuta majani matupu. Usihuzunike. Panda basi hadi Higashiyama-Shichijo, ushuke karibu na Jumba la Makumbusho la Taifa la Kyoto, utembee kidogo kuelekea mlimani. Hekalu la Chishaku-in liko hapo, na katika nyumba yake ya hazina utaukuta mwepo wa baba na mcheri wa mwana, katika chumba kimoja.